Kumtafuta Nahodha Kwenye Karatasi za Waliomshuku

Familia nyingi za zamani za Ujiji zina pwani ndani yake. Ukikaa barazani Kitongoni au Rusimbi utasikia: huyu asili yake Bagamoyo, yule Pangani, yule bibi yake alikuwa Mngazija. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora mpaka hapa ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, na wengine waliokuja nayo hawakurudi tena. Katika ukoo wetu lilirithiwa neno moja: baba wa babu yangu alikuwa nahodha wa chombo kilichoitwa Fat-hil-Kheri, akaiacha bahari, akaja ziwani na ujuzi wake. Zaidi ya hapo kila mtu alikuwa na lake la kusema.

Mimi nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kigoma mpaka nilipostaafu. Hati za vyombo viendavyo Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu ndizo zilizonilea: orodha za mizigo, orodha za mabaharia, risiti za ushuru, barua za madai ya gunia lililolowa. Kazi ile ilinifundisha kwamba chombo hakiandikwi kwa sababu ni kizuri au kwa sababu nahodha wake ni mtu wa watu. Kinaandikwa kwa sababu yuko anayekidai, anayekishuku, au anayetaka kulipwa kwa ajili yake. Chombo kilichopita salama, kikashusha, kikalipa na kuondoka, huacha mstari mmoja tu. Chombo kilichogombaniwa huacha jalada zima. Kwa hiyo nilipoamua kumtafuta mzee wetu sikujiuliza chombo chake kilikuwa kipi. Nilijiuliza ni nani waliokuwa wakikivizia.

Nasema hivi kwa sababu wengi ninaowaona wakitafuta habari za wazee wao wa baharini huanza na jina la chombo, na jina la chombo ndilo linalosaidia kidogo kuliko yote. Fat-hil-Kheri ni jina la kuombea heri, na vyombo vilivyoitwa hivyo vilikuwa vingi kuanzia Ghuba mpaka Kilwa, kama vilivyokuwa vingi akina Salama na Tawakal. Tena jina lenyewe limeandikwa na makarani wa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani kila mmoja kwa sikio lake. Utalikuta Fattel Khair, utalikuta Futteh el Kher, na mahali pengine limekatwa likabaki Fatel peke yake. Ukishikilia herufi utapishana nalo mlangoni.

Aliyenipa pa kushika ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Nilimwendea Ujiji na daftari, nikamwamkia, nikamuuliza mzee alikuwa nahodha mwaka gani.

"Mwaka siujui, baba," aliniambia. "Ninachojua ni kwamba mwaka wa tufani alikuwa Rufiji wanapakia boriti, ndiyo chombo kikasalimika. Waliporudi Unguja wakakuta bandari imejaa mbao."

Hilo lilitosha. Tufani hiyo inajulikana tarehe yake: ilipiga Unguja na Mrima tarehe 15 Aprili 1872, mwezi wa Safar mwaka 1289 wa Hijria. Ilivunja karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, ikaharibu vibaya hata misheni ya Wakatoliki Bagamoyo. Shangazi hajasoma popote habari hiyo. Aliipokea kwa baba yake, na baba yake kwa aliyekuwepo.

Nimekuja kuelewa kwa nini wazee wa namna hii hawatoi miaka. Manahodha wa pwani hawakusafiri kwa miezi ya Kiislamu, kwa sababu miezi hiyo huzunguka na kuziacha pepo nyuma: Ramadhani ya mwaka huu ina kaskazi, na baada ya miaka kadhaa ina kusi. Wao walihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ulikuwa na habari zake za upepo na bahari. Mtu aliyelelewa na hesabu hiyo atakwambia ilikuwa mwongo wa ngapi na chombo kilikuwa kinatoka wapi, lakini hatakwambia 1872. Basi muulize upepo, muulize mzigo, muulize chombo kilikuwa kinaelekea wapi. Kilichosheheni boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji kikienda kaskazini kilikuwa kinangoja kusi. Kilichokuja na tende, chumvi au papa mkavu kutoka Arabuni kilikuwa kimeletwa na kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Mwezi ulioandikwa juu ya hati, ukiujua upepo wake, unakuonyesha chombo kimetoka upande gani hata kama karani hakujali kuandika.

Siku hiyo hiyo shangazi alinitolea kitu ambacho sikuwahi kukiona, ingawa nimeingia nyumba ile tangu utotoni. Kilikuwa kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kanga kilichochakaa: chuma kifupi, bapa upande mmoja, kichwa chake kimepondeka na kutanuka kwa kugongwa miaka mingi. Ni chuma cha kukalafati. Fundi huchukua pamba iliyolowekwa mafuta, akaisukuma kwenye mfuo baina ya ubao na ubao kwa chuma hicho na nyundo ya mti, maji yasipenye. Ukikishika unaona mahali kidole gumba kilipokuwa kikikaa, pamelainika kuliko kwingine. Sifa, yaani mafuta ya papa ya kupaka mbao, na deheni, shahamu na chokaa ya kupaka chini ya chombo, unaweza kupata mbadala wake huku bara, lakini chuma kama hiki ilibidi mtu akibebe kutoka pwani. Ziwani kulikuwa na kazi ya kukitumia. Mwaka 1858 John Speke alivuka ziwa Tanganyika kwenda kukodi jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, kwa sababu huku hapakuwa na lingine, akarudi bila kulipata. Miaka 20 baadaye, alipofika Ujiji Edward Hore, baharia wa misheni ya London, watu wa pwani waliokaa hapa walikwisha kuwa na vyombo vyao vya matanga. Mikono iliyoviunda ilitoka baharini.

Kisha shangazi akaongeza neno ambalo lilinikosesha raha. Nilimuuliza bendera. Nilitegemea aseme nyekundu, kwa kuwa bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu.

"Ilikuwa ya rangi tatu," alisema. "Ya Mfaransa. Babu yako akisema wakiona bendera ile Waingereza wanawaacha."

Anayezijua habari za bahari hii anafahamu kwa nini nilinyamaza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na manowari za Kiingereza zikawa zinapekua vyombo kuanzia Kilwa hadi Pemba na kwingineko. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Mwingereza. Kwa hiyo bendera ya rangi tatu ikawa na thamani, na miongoni mwa walioitafuta walikuwamo waliokuwa na watu ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa manowari iitwayo London iliyowekwa Unguja, aliuawa karibu na Pemba alipokikaribia chombo chenye bendera ya Kifaransa, na chombo kile kilikuwa kimebeba watumwa. Ujiji nayo ilikuwa soko la watumwa, hilo halifichiki. Maembe tunayokula yanatoka kwenye miti iliyopandwa kando ya njia waliyopitishwa. Nikajiuliza kama hicho ndicho nitakachokikuta mwisho wa kutafuta kwangu.

Nilimwambia shangazi hofu yangu bila kuzunguka. Alifikiri, akasema: "Tafuta. Kama limo, limo. Sisi si wa kwanza kuwa na wazee."

Hapo ndipo ukarani wangu ulipofaa. Bendera inayoshukiwa ina maadui, na maadui huandika. Nilipofika Unguja sikuomba jalada la Fat-hil-Kheri, maana halipo. Kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani niliomba barua za ubalozi wa Uingereza, mfululizo wenye alama ya AA, na hasa zile za malalamiko juu ya vyombo vyenye bendera ya Kifaransa. Waliopo pale ni watu wanaoijua kazi yao. Ukiwaeleza unachokitafuta kwa mapana, wanakupeleka jalada ambalo usingelifikiria. Ukiwapa jina tu, watakutafutia jina tu.

Kabla sijafika kwenye bendera nilipitia orodha za vyombo vilivyokamatwa. Msomaji azijue orodha hizi, kwa sababu ni hazina, na zinatisha. Kila manowari ilipokamata chombo na kukipeleka mbele ya mahakama ya Kiingereza Unguja, iliandikwa tarehe, mahali, watu waliokutwa ndani, na vipimo vya chombo: urefu, upana, kina. Usidhani vipimo hivyo vilichukuliwa kwa kupenda ufundi. Maofisa na mabaharia wa manowari walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyekombolewa na kwa ukubwa wa chombo kwa tani, na chombo kikishahukumiwa kilivunjwa au kuchomwa, hivyo vipimo ndivyo vilivyobaki kuwa ushahidi wa malipo. Ndiyo maana leo unaweza kujua upana wa jahazi lililoteketezwa zaidi ya miaka 140 iliyopita huku jina la nahodha wake halikuandikwa kabisa. Wenye vyombo vya halali walilalamika kwamba navyo vilichomwa, na malalamiko yalifika London. Nakala nyingi za barua hizo ziko kwenye nyaraka za Kew, London, katika mfululizo wa FO 84, na sehemu kubwa ilichapishwa kila mwaka kwa ajili ya Bunge la Uingereza, kwa hiyo unaweza kuzisoma bila kupanda ndege.

Mzee wetu hakuwamo. Wala sikumwona katika karatasi za mwaka 1888 na 1889, wakati manowari za Kijerumani na Kiingereza zilipofunga pwani nzima kwa sababu ya vita vya Abushiri na kila chombo kikawa kinasimamishwa. Kutokuonekana humo hakukunipa usingizi. Mtu asiyekamatwa anaweza kuwa hana kosa, na anaweza kuwa alikuwa mwepesi.

Nilimpata kwenye orodha ya vyombo vya bendera ya Kifaransa vilivyoingia Unguja, ambayo ubalozi wa Kiingereza uliitunza kwa kero kubwa. Inaonekana kwenye mwandiko wenyewe, maana kando ya baadhi ya majina karani ameweka alama ya kuuliza akakandamiza kalamu mpaka wino ukatoka upande wa pili. Safu zilikuwa jina la chombo, nahodha, mwenye chombo, mahali hati ilipotolewa. Jina la chombo lilikuwa limepotoka. Lakini la nahodha lilikuwa jina lake, la baba yake na la babu yake, matatu kwa mpangilio ule ule tunaoutaja kwenye hitma kila mwaka. Herufi ya R imekuwa L na irabu moja imeongezwa, basi. Majina matatu yanayofuatana hayaokotwi.

Safu ya mwenye chombo ilikuwa na jina la mtu mwingine, na hati ilikuwa imetolewa Mayotte, kisiwa ambacho wazee wetu wanakiita Maore.

Ukoo mzima tulikua tukisema "chombo cha babu". Ndivyo pwani wanavyosema mpaka leo: chombo huitwa cha nahodha, kwa sababu ndiye anayeonekana juu ya tezi, nyuma ya chombo, ndiye anayejibu kwa wenye mali. Mwenye mbao na misumari anaweza kuwa ameketi dukani kwake na hajawahi kuloa mguu. Mapato yakishatolewa gharama hugawanywa mafungu, la chombo, la nahodha, la mabaharia, na mwenye chombo huchukua lake. Mzee alikuwa na uongozi, hakuwa na umiliki. Baadhi ya ndugu hawakuipenda habari hii. Mimi iliniondolea mzigo, kwa sababu ilieleza bendera. Mayotte ilikuwa chini ya Ufaransa tangu mwaka 1841. Mtu wa Mayotte mwenye chombo alikuwa na haki ya kupeperusha bendera ile, hakuhitaji kuinunua wala kuazima jina la mtu.

Ugomvi wa bendera hizi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Uingereza na Ufaransa zilipelekana kwenye mahakama ya usuluhishi ya Hague, kuhusu vyombo vya watu wa Maskati, yaani Omani, hasa wa mji wa Sur. Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905: baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuruhusiwa kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati isipokuwa wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Nimeitaja kwa sababu anayetafuta mzee wa Sur au wa Maskati atapata huko majina ya manahodha na ya wenye vyombo, yamekusanywa na mawakili waliokuwa wakibishana. Kwa sisi ilisaidia kwa kutenganisha tu: mzee hakuwa katika kundi hilo.

Nyaraka za ofisi za kibalozi za Ufaransa zimehifadhiwa Nantes. Niliwaandikia barua pepe, Kifaransa chake kikiwa kimenyooshwa na mfanyabiashara mmoja Mkongo wa pale Kibirizi, ambaye huleta mafuta ya mawese na kurudi na saruji. Tulijuana tangu nilipokuwa nikimgongea mihuri. Hapa kwetu mtu anayehitaji Kifaransa haendi mbali, anakwenda Kibirizi asubuhi, boti zinaposhusha. Niliwapa Nantes jina la chombo kwa namna zote nilizozikuta, jina la nahodha, Mayotte, na miaka. Walinitumia picha za kurasa, na ndani yake mlikuwamo orodha ya mabaharia.

Nieleze kwa nini orodha ile ipo, kwa sababu bila kuijua sababu nisingeielewa. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana sheria juu ya vyombo vya kienyeji vya bahari hii. Ruhusa ya bendera ilitakiwa ifanywe upya kila mwaka. Mwenye chombo alitakiwa awe na mali isiyohamishika au aweke dhamana, na awe na sifa njema. Alama ya bandari na namba ya chombo vilitakiwa viandikwe kwa rangi nyeusi kwenye tanga. Na hakuna baharia mweusi aliyeruhusiwa kuandikwa bila kuulizwa kwanza kama amekubali kwa hiari yake, kisha mbele ya jina lake yaandikwe maumbile yake, ili katikati ya safari asibadilishwe na mtu mwingine. Ilikuwa njia ya kuwazuia watu wasipite na watumwa kwa kuwaita mabaharia.

Kwa hiyo ninao watu walioandikwa miili yao. Tulikaa na mfanyabiashara yule kwenye benchi la muuza chai, simu mikononi, akinisomea mstari kwa mstari na kutafsiri, nami nikiandika. Mmoja ana kovu juu ya nyusi ya kulia. Mmoja amekatika ncha ya kidole. Mmoja mfupi, ana ndui usoni. Na majina yao ni majina ya moja moja, hayana baba wala babu: ya aina ya Mabruki, ya Ferhani, ya Baraka. Mtu yeyote wa pwani au wa Ujiji anayajua majina hayo. Ndiyo waliyopewa watumwa.

Mzee wetu, kwa ushahidi nilionao, hakubeba watumwa kama mzigo. Alisafiri na watumwa kama mabaharia. Ilikuwa desturi ya pwani nzima: bwana humtoa mtumwa wake afanye kazi ya ujira chomboni, na sehemu ya fungu lake akirudi humpelekea bwana. Waliulizwa kama wamekubali kwa hiari, wakasema ndiyo, ofisa akaandika ndiyo. Katika Zanzibar utumwa ulikuja kuondolewa kisheria mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922. Orodha hii ni ya kabla. Hiari ya mtu ambaye bwana wake yuko nyumbani anangoja fungu ni hiari gani? Siwezi kuisoma karatasi hiyo nikamwondoa mzee kwenye jambo hili, wala siwezi kumtia kwenye lile lingine nililoliogopa. Alikuwa nahodha wa zama zake, akila na watu ambao mishahara yao haikuwa yao, naye alijua.

Kwenye mstari wa chini kabisa rafiki yangu alinyamaza akasoma tena. Baharia yule ameandikwa kwamba ametoka Manyema, ana chale mashavuni na meno ya mbele yamechongwa. Yeye mwenyewe, mfanyabiashara wangu, asili yake ni upande wa Kasongo, Manyema. Alisema: "Huyu alipita hapa." Na ni kweli, ilibidi apite. Kutoka Manyema kwenda pwani watu walivushwa ziwa, wakapandishwa Ujiji, wakashikishwa njia ya Tabora. Kwa hiyo kabla mzee wetu hajaiona Ujiji, kwenye chombo chake alikuwamo mtu aliyeiona, tena akiwa amefungwa. Mimi naamini huyo ndiye aliyemsimulia kwamba bara kuna ziwa lenye mawimbi na lenye kuhitaji vyombo. Karatasi haisemi hivyo, na sitawaambia watoto kwamba inasema.

Ile sheria ya kufanya upya ruhusa kila mwaka ilinipa jambo la mwisho. Kurasa za miaka inayofuatana zinaonyesha chombo kile kile, tani 34, mwenye chombo yule yule, na nahodha wetu. Mpaka mwaka 1894. Mwaka wa 1895 chombo kipo, mwenye chombo yupo, nahodha ni mwingine. Shangazi amekuwa akisema siku zote kwamba mzee alifika Ujiji kabla Mjerumani hajajenga boma, na kituo cha Wajerumani Ujiji kilianzishwa mwaka 1896. Vinakaa pamoja bila kulazimishwa. Sababu ya kuondoka kwake anayo shangazi: "Meli za moshi ziliwala." Meli za kampuni ya Kijerumani zilianza safari zake za pwani hii mwaka 1890, zikabeba kwa ratiba kile ambacho jahazi lilibeba kwa kungoja upepo. Upande wa Mjerumani, majalada yenye herufi G kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, nimeyagusa kidogo tu. Mwandiko wao wa mkono unahitaji mtu aliyeusomea.

Sehemu moja ya kurasa za Nantes Mkongo hakuweza kunisaidia: mistari ya chini iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nilimpelekea maalim wa madrasa ya karibu na nyumbani. Aliigeuza simu, akaikuza, akaanza kusoma kwa sauti, akacheka kwa furaha: herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Mzee alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba amepokea chombo na matanga mawili na nanga na kamba zake, na kwamba watu wake wote wamesomewa maneno haya wakayasikia. Ni sauti yake pekee tuliyo nayo. Nimeichapisha kwa ukubwa, kila nyumba ya ukoo ina nakala.

Nilipompelekea shangazi yote haya nilimsomea mpaka orodha ya mabaharia, makovu na chale zao. Alinitaka nirudie majina, akayashika kwa kichwa. Halafu akasema hitma ya mwaka huo wasomwe na hao.

Palikuwa na ubishi. Baba mdogo mmoja alisema hitma ni ya marehemu wetu, na hao hatujui hata kama walikufa Waislamu. Mwingine alisema tutaonekana tunatangaza aibu ya mzee. Shangazi aliwasikiliza, akajibu: "Kama jina lake liko juu ya karatasi hiyo na yao yako chini yake, mtasomaje la juu mkaacha ya chini?" Maalim aliulizwa, akasema dua haina mpaka.

Wakasomwa. Yule rafiki yangu wa Kibirizi alikuja na gunia la mchele na akakaa mbele na wazee. Sasa tunaandika pamoja barua ya pili kwenda Nantes, kuomba hati za bendera za kabla ya 1890, kwa sababu kati ya tufani na sheria ile ya Brussels kuna miaka 18 ambayo chombo kilikuwa kikienda na kurudi, na bado hatujui kilikuwa na nani.